Sauti Niliyowapa Vichaa

Kazi yangu ni kuwasemea watu wasionijua. Mimi ni mtafsiri wa filamu, viijei, kama tunavyoitwa Kampala. Wenzangu karibu wote wanatafsiri kwa Kiganda. Mimi natafsiri kwa Kiswahili, kwa ajili ya Wakongo wenzangu waliotapakaa mjini na biashara zao ndogondogo, na kwa ajili ya wanajeshi, polisi na familia zao, ambao Kiswahili ndiyo lugha ya kazini. Naketi kwenye chumba kidogo nyuma ya kibanda cha filamu pale Katwe, maiki karibu na mdomo, namtazama Mzungu au Mhindi anafungua kinywa chake, nami natia humo maneno yangu.

Nasema yangu kwa sababu ndivyo ilivyo. Anayekuja kibandani hafuati tafsiri, anafuata viijei. Na kazi yetu ina sheria moja ambayo hakuna aliyeiandika: usiache kimya. Filamu ikinyamaza, watu wanasikia nyundo za mafundi wa chuma huko nje, wanakumbuka kwamba hawajala, wanainuka mmoja mmoja. Kwa hiyo shujaa akikaa kutazama mvua dakika nzima, mimi nawaambia watazamaji kwamba anafikiria mahari aliyoombwa na wakwe zake, tena wanataka na ng'ombe mwenye mimba. Natia chumvi. Nimetia chumvi miaka tisa, na nilikuwa najivunia.

Sauti iliyonipa jina ilikuwa ya kichaa. Nilikuwa naibana pua, naulegeza ulimi, halafu nacheka kwa kuvuta pumzi ndani badala ya kuitoa nje. Watu walikuwa wakivunjika mbavu kabla sijasema neno. Katika filamu zinazotufikia, kichaa ana kazi tatu tu: kuua watu, kuchekesha watu, au kutabiri mambo kabla ya mwisho. Nywele zake zimetimka, nguo zimechanika, macho yanazunguka. Sijawahi kutafsiri kichaa anayetafuta sabuni.

Kulikuwa na filamu moja ya mwanamke aliyefungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili, huko katika nchi ya baridi. Ilikuwa inakwenda polepole hadi inaudhi, nusu yake ni watu wanatazama dirisha. Katikati kuna daktari mwenye mvi anayeingia chumbani kwa yule mwanamke, anaketi sakafuni karibu na kitanda, anasema sentensi moja fupi, kisha ananyamaza. Anangoja. Yule mwanamke analia bila sauti. Hakuna muziki, hakuna kitu. Kwa viijei huo ni msiba. Nikamtia daktari maneno haya: "Leo tunafungua kichwa. Ubongo wako tunatia mu chupa, tunapeleka Ulaya. Ukipiga kelele, tunakata na ulimi." Yule mwanamke aliyekuwa analia nikampa kile kicheko changu.

Kibanda kilifurika juma zima. Watu waliinakili kwenye flashi, ikauzwa madukani, ikafika kambi za jeshi, ikafika mpaka kambi za wakimbizi. Watu nisiowajua walinisimamisha njiani waniambie ile ya chupa.

Mtu wa kwanza kuisikia alikuwa dada yangu. Yeye ni mdogo wangu, na tuliovuka mpaka pamoja tumebaki wawili tu. Mimi na yeye tulikuwa tunakaa mtaa wa Kyebando, vyumba viwili katika ua wa wapangaji sita. Alikuwa fundi cherehani. Anashona sare za shule kwa ajili ya duka moja la Old Kampala, nami upande wa pili wa pazia nafanya mazoezi ya sauti zangu. Akicheka, najua kibanda kitacheka. Akiendelea kukanyaga cherehani, nabadilisha. Siku ile aliacha kushona kabisa, akaegemea mashine, machozi yanamtoka kwa kicheko.

"Yaya, weka tena ile ya chupa." Yaya, kwetu Kongo, ni kaka mkubwa.

Nikaiweka tena, mara tatu nne, kwa sababu nilipenda kumsikia akicheka.

Alipoanza kuugua, sikuona. Naandika hivyo na ninaona aibu, lakini ndiyo kweli. Mimi nilikuwa mtaalamu wa vichaa. Nilikuwa nangoja nywele zitimke. Yeye alizidi kuwa msafi. Alifua mashuka kila siku, alikata kucha hadi nyama, alisuka nywele zake mistari iliyonyooka. Maneno yakapungua. Nikadhani anakua, anatulia, labda kuna mwanamume. Akaifunika televisheni kwa kitenge na kusema vumbi ni jingi. Vumbi la Kyebando ni jingi kweli, nikakubali.

Mchana mmoja tulikuwa tunakula maharage, kila mtu na sahani yake. Akaacha kijiko.

"Yaya, nyamaza kidogo."

"Sijasema kitu."

"Sawa," akasema, na akanitabasamia kwa adabu, vile mtu anavyomtabasamia mgeni aliyedanganya mbele yake. Tangu siku hiyo akawa ananitazama mdomo. Nikila, anautazama. Nikilala mchana, nikifumbua macho namkuta anautazama.

Kisha mzee wa Kihindi mwenye lile duka la sare akanipigia simu nifike Old Kampala. Nikamkuta ametandaza sare juu ya meza ya duka, mashati kumi na mawili ya watoto wa darasa la kwanza. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Akainua moja na kunionyesha.

"Wewe angalia. Mtoto ataingiza kichwa wapi?"

Shingo ya shati ilikuwa imeshonwa, ikazibwa kabisa. Ya pili hivyohivyo. Zote. Mishono yenyewe ilikuwa mizuri kupita kiasi, midogomidogo, imenyooka, mtu angedhani ndiyo mtindo.

Nilirudi nyumbani nimefura. Nikamtupia yale mashati mapajani. Akayakunja moja moja na kusema, "Nimefunga mlango." Hakuongeza neno. Nilimfokea. Nilimwambia ananiharibia jina kwa watu, kwamba mimi natoka jasho Katwe na yeye anacheza na nyuzi. Majirani walisikia. Sijui ni jambo gani maishani ningependa zaidi kulifuta kuliko saa ile.

Nikampeleka kanisani kwetu. Waumini walimwombea kwa moyo mweupe, siwalaumu, wengine walilia. Kisha tukapanga afunge siku tatu. Alikuwa hajala vizuri mwezi mzima. Tukamfungisha mtu asiyekula, nami nikasema amina.

Aliyenizindua ni jirani yetu wa ua uleule, koplo wa polisi, mama wa watoto wawili, mtu wa kaskazini. Sisi wapangaji tulikuwa tunamwita afande hata akiwa amevaa kanga. Alikuja asubuhi moja kuomba kiberiti, akamwona dada yangu ameketi ukingoni mwa kitanda, midomo imepasuka. Akasahau kiberiti.

"Hii msichana alikunywa maji lini?"

Sikujua. Afande akaubana mkono wa dada yangu kwa vidole viwili na kuachia. Ngozi ikabaki imesimama. Akanivuta nje kwa shati.

"Wewe viijei, sikiliza mimi. Hii haiko mapepo, haiko uvivu. Kaka yangu alitoka vita, akakaa hivi hivi. Sisi tulingoja atembee uchi barabarani, ndiyo tujue iko kichaa. Hapana tembea uchi. Alikufa amevaa shati safi, amefunga vifungo yote."

Afande akaniachia shati. Akaendelea.

"Kesho naleta gari. Tunapeleka yeye hospitali. Kuko dawa."

Hospitali aliyoitaja, ile ya wagonjwa wa akili, kila mtu wa Kampala anaijua. Watoto wakigombana wanalitumia jina lake kama tusi. Mimi mwenyewe nimelitia kwenye midomo ya waigizaji sijui mara ngapi, na kila mara watu wamecheka.

Gari likaja asubuhi. Dada yangu alijifunga kitenge chake kizuri, akafika hadi mlangoni, akauliza tunakwenda wapi. Afande hajui kudanganya, akamwambia. Dada yangu akarudi ndani, akakumbatia mguu wa kitanda.

"Siendi. Kule banafungua bantu kichwa. Ubongo banatia mu chupa."

Nikapiga magoti.

"Mdogo wangu, ile ni mimi. Niliitunga mimi. Ulikuwa pale pazia, ulicheka."

"Ule daktari alisema."

"Hakusema. Nilisema mimi."

Akafikiri. Akili yake ilikuwa bado inafanya kazi, ndiyo iliyokuwa inanimaliza. Akasema taratibu, kama anayempatanisha mtoto na ukweli:

"Ule wa mu filme hana kitu anataka kwangu. Weye njo unataka nipande mu gari. Juu ya nini nikuamini weye, niache kuamini yeye?"

Miaka tisa nimefanya kazi ili sauti ile iaminike kuliko mtu yeyote, na nilikuwa nimefanikiwa.

Afande akasema anaweza kumbeba, amewahi kubeba wanaume wazito kuliko huyu. Nikamsihi asifanye hivyo. Akibebwa akipiga kelele, basi filamu yangu imethibitika mbele ya macho yake, na hata dawa hatameza. Afande akamtazama dada yangu, akanitazama mimi.

"Siku moja," akasema. "Mimi nanyweshea yeye maji na kijiko, akikubali. Kesho kama bado, nabeba. Siziki mtu mwingine wa shati safi."

Nilikwenda Katwe nikiwa sijui ninakwenda kufanya nini. Njiani ndipo nikajua. Nikamwomba mwenye kibanda chumba cha kurekodia, nikamwambia nataka kuitafsiri upya ile filamu ya hospitali.

"Upya namna gani?"

"Vile inavyosema."

"Bila kicheko? Nani atainunua?"

Nikamjibu kwamba ni mtu mmoja tu. Alinitazama, nadhani aliona uso wangu, akanipa ufunguo.

Niliketi na filamu ile kama mtu anayeisikia mara ya kwanza, na ndivyo ilivyokuwa. Kiingereza ninakielewa, lakini sikuwahi kusikiliza, nilikuwa nangoja tu mtu afunge mdomo nianze mimi. Yule mwanamke hakuwa amesema lolote la kuchekesha katika filamu nzima. Alikuwa anaomba dirisha lifunguliwe. Alikuwa anauliza kama mama yake amepiga simu. Na yule daktari mwenye mvi, aliyeketi sakafuni, sentensi yake fupi ilikuwa hii: umelala vipi? Hiyo tu. Kisha anangoja. Kisha, baada ya muda mrefu sana, mwanamke anajibu: sijalala.

Nililia mbele ya maiki. Ilibidi nirekodi tena.

Palipo na kimya, nilikaza taya na kuacha. Nyundo za mafundi ziliingia kwenye maiki, ko, ko, ko, za watu wanaotengeneza majiko na milango. Sikuzifuta. Sikuwa na muda, na pia sikuamini tena kwamba najua nini kifutwe.

Nilirudi Kyebando saa tisa alasiri. Afande alikuwa ameketi karibu na kitanda na kikombe. Vijiko sita, akaniambia. Nikaondoa kitenge juu ya televisheni. Dada yangu akageukia ukuta na kujiziba masikio. Nikaweka filamu, sauti ya chini.

Hakugeuka mwanzo wote. Ilipofika pale daktari anapoingia, nikasikia sauti yangu mwenyewe inauliza, bila pua, bila ulimi kulegea, "Umelala vipi?" Halafu kimya. Nyundo za mbali. Dada yangu akaondoa mkono mmoja kwenye sikio, kisha akageuka.

"Hapa huwa unasema."

"Hapa hakuna maneno."

"Na ya chupa?"

"Niliiweka mimi. Ili watu wacheke."

"Na mi nilicheka."

"Ulicheka. Sikulaumu."

Akataka nirudishe. Nikarudisha. Akataka tena. Mara ya tatu aliangalia mpaka mwanamke aliposema sijalala, akatikisa kichwa polepole, akakubaliana naye. Kisha akasema:

"Nitaenda. Lakini munganga wa hospitali asipouliza vile, tunarudi."

Nikasema sawa. Ningesema sawa kwa lolote. Usiku mzima nikawa na hofu mpya: hospitali yenye foleni ile, daktari mwenye watu wale wote, kwa nini aulize usingizi? Angeuliza jina. Angeuliza umri. Nani angemwambia kwamba uhai wa mtu umening'inia kwenye maneno mawili?

Asubuhi tulikaa kwenye benchi la hospitali muda mrefu. Afande alivaa sare, akaketi upande mmoja wa dada yangu na mimi upande mwingine. Hakuna aliyecheka kwa kuvuta pumzi ndani. Kulikuwa na mwalimu mmoja mwenye tai, mama aliyeshika bahasha, kijana aliyekuwa anasoma gazeti la jana kwa makini. Dada yangu alimtazama kila mmoja kichwani, akitafuta mshono.

Tulipoitwa, afande akabaki nje, tukaingia wawili. Daktari alikuwa mwanamke, kijana kuliko mimi, macho yamevimba kwa uchovu. Hajui Kiswahili. Akafungua faili, na bila kuinua uso akaniuliza kwa Kiingereza kama mgonjwa amewahi kutibiwa mahali pengine na ni dawa gani alizokuwa anatumia. Ilikuwa sentensi ndefu.

Dada yangu alinigeukia, anangoja.

Nilifanya kazi yangu. "Anauliza, umelala vipi?"

Dada yangu akatazama mdomo wa daktari, akatazama kalamu yake inayongoja, akanitazama mimi. Miaka tisa alikuwa nyuma ya pazia, anajua ninavyofanya.

"Yaya, hakusema vile."

Akasimama. Mkono wake ukafika kwenye kitasa. Nikajua kwamba akitoka hapo hatatufungulia mlango mwingine, tutakuwa tunambeba hadi kaburini. Nilikata tamaa kabisa. Daktari akainua uso.

"Amesema nini?"

Nikamwambia yote. Filamu, chupa, kicheko, tafsiri ya jana, sharti la dada yangu, na uongo niliousema dakika ile ile mbele yake. Niliyamwaga kwa Kiingereza kibovu, bila mpangilio. Daktari akaweka kalamu chini. Akaja upande wetu wa meza, akavuta kiti mpaka karibu na mlango, akaketi chini ya kimo cha dada yangu.

Hakuuliza usingizi. Akaniambia, "Mwambie nina muda. Halafu wewe nyamaza."

Nikatafsiri, neno kwa neno. Nikanyamaza.

Kilikuwa kimya kirefu kuliko cha ile filamu. Huko nje mtu aliitwa jina, mlango ukafungwa, ndoo ikaburutwa. Kinywa changu kilijaa maneno. Nilitaka kumwambia aketi, nilitaka kumwambia daktari kwamba ni mtoto mzuri, fundi hodari, nilitaka kusema chochote. Nikauma shavu kwa ndani. Daktari hakuitazama saa.

Dada yangu akaachia kitasa. Hakuketi.

"Yaya, sema vile minasema. Usiongeze."

"Sitaongeza."

Akamtazama daktari, hakunitazama mimi.

"Kuko sauti. Inanikataza kula. Inanikataza maji. Hainiache nilale. Inacheka mbele, njo inasema." Akavuta pumzi. "Nilifunga mlango mu mashati yote, inaingia tu. Ni sauti ya huyu. Ile ya mu filme."

Daktari akanigeukia, akingoja. Ningeweza kusema ni sauti ya mwanamume. Ningeweza kusema ni sauti fulani ya filamu. Hakuna ambaye angejua, hata dada yangu asingejua, mradi sentensi iwe na urefu uleule.

Nikasema kwa Kiingereza kwamba anasikia sauti, kwamba inamkataza kula na kunywa na kulala, kwamba inaanza kwa kucheka, kwamba alijaribu kuizuia kwa kushona shingo za mashati ya watoto, na kwamba sauti hiyo ni yangu.

Daktari akaandika. Dada yangu alikuwa ameutazama mdomo wangu mpaka nilipoufunga.

"Umesema yote?"

"Yote."

Akaketi, akamwomba daktari maji.